Wepesi wa Begi Lako Umebebwa na Nani?

Kuna ugonjwa mpya mjini, na mimi niliwahi kuugua. Dalili zake ni hizi: mtu ananunua begi la mgongoni la kupandia mlima, analiweka kwenye mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, halafu anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp. "Gramu 290," anaandika. Wenzake wanamjibu kwa vidole gumba na moto. Hakuna anayeuliza ndani ya begi hilo kutaingia nini.

Vijana wa Dar, Arusha na Nairobi tumegundua milima, na hilo ni jambo jema. Zamani si nyingi ukisema unakwenda Uluguru au Longonot kwa raha zako, watu walikuuliza unafuata nini huko, kuni? Siku hizi Jumamosi alfajiri Coaster zinajaa. Lakini pamoja na milima tumepokea dini ya wepesi. Waumini wake wanaamini kwamba begi la safari ya siku moja likivuka lita 15 ni dhambi, na likifika kilo moja ni ushamba.

Mimi nasema dini hii ni ya uongo. Uzito wa begi tupu ni jambo dogo kabisa mlimani. Na wepesi mwingi tunaojivunia ni mzigo tuliomwachia mtu mwingine bila kumwomba.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe. Begi langu la kwanza la kisasa nililinunua kwa bei ambayo ingelipa kodi ya chumba Mbezi kwa miezi miwili. Lilikuwa jepesi kweli, unaweza kulikunja ukaliweka mfukoni. Desemba hiyo tulikuwa Marangu kwa Krismasi, mimi na marafiki watatu, tukaamua kutembea kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo. Ni kama kilomita 8 kwenda, ndani ya msitu, kutoka mita 1,879 hadi mita 2,720. Hakuna anayeiita safari ngumu.

Nilipanga vitu: maji, simu, pawabanki, kamera, chakula. Koti la mvua likakataa kuingia. Asubuhi ile Kibo kilikuwa wazi, hakuna hata wingu la kusingizia, nikaliacha koti kitandani. Tena nililiacha kwa fahari. Si ndiyo tulivyofundishana kwenye kundi, kwamba usibebe usichokihitaji?

Mvua ilitukuta tumebakiza kama nusu saa kufika Mandara. Msitu wa mvua hauitwi hivyo kwa utani. Fulana yangu ya pamba ilinigandia mwilini, na tulipofika kwenye vibanda nilikuwa siwezi kumaliza sentensi bila meno kugongana.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu. Mgongoni alikuwa na begi la shule la mtumba, zipu imekufa, limefungwa kwa kamba. Akalifungua, akatoa koti la mvua la plastiki, refu, la kijani. Lilikuwa moja tu.

"Vaa, mwanangu."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nimezoea."

Nikavaa. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo: sikukataa mara ya pili. Tulishuka zaidi ya saa mbili mvua ikipiga, mimi nikiwa ndani ya plastiki ya kijani, yeye akiwa na sweta lililolowa likavutika mpaka mapajani. Getini alitakiwa kuandika kwenye daftari kwamba tumetoka salama. Kalamu ilimponyoka mara mbili. Vidole vyake havikuweza kuishika. Nami nilisimama nyuma yake na begi langu la gramu 290.

Hebu tulitazame hilo neno "nimezoea", kwa sababu kila mtu aliyepanda mlima na mwenyeji amelisikia, na wengi tumelipokea kama ukweli wa sayansi. Mwili hauzoei kulowa. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka kuliko nguo kavu, na haiulizi umezaliwa Marangu au Masaki. Hewa nayo hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Aliyeondoka Moshi mjini akitokwa jasho anafika Mandara kwenye baridi ya karibu nyuzi 12 zaidi, hata kabla ya mvua na upepo. Anachokizoea mzee yule ni kutolalamika mbele ya mteja. Hiyo ni kazi yake, na ni kazi nzito, lakini haimkaushi.

Wahenga walishalisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona kwenye mgongo wa mwingine, unauona mwepesi kama usufi wa mtoni mwa godoro la bibi. Sisi tumeenda mbali zaidi. Hata mgongo wenyewe hatuuoni.

Kilimanjaro imejengwa juu ya kutouona mgongo huo. Vitabu vinatuambia kwamba mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Walifika, sikatai. Lakini chakula, mahema na mablanketi hayakupanda yenyewe. Yalibebwa na watu ambao wengi wao hatuna majina yao. Leo wapagazi, wenyewe wanajiita wagumu, hupimiwa mizigo getini, na kikomo kinachojulikana ni kilo 20, juu yake vitu vyao binafsi. Mgeni anatembea na kibegi cha maji na kamera, kisha anarudi kwao kuandika kwamba alipanda "bila mzigo". Tuliposoma maandishi hayo chuoni tuliyaita ya kikoloni, tukapata alama nzuri. Sasa sisi wenyewe tunafanya vilevile, tofauti ni kwamba tunaandika kwa Kiswahili na hashitegi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa mzigo mzito unaua magoti na unachosha, na mtu aliyechoka huteleza. Ni kweli kabisa. Kwa hiyo tupige hesabu pamoja, maana hesabu ndiyo lugha ya dini hii. Kwa safari ya siku moja mlimani unahitaji maji lita 2, ambazo ni kilo 2, hakuna mjadala. Koti la mvua na sweta zito lisilo la pamba, tuseme gramu 800. Chakula, yaani ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha na chapati mbili, gramu 700. Tochi, filimbi, simu, bandeji na dawa zako, nusu kilo. Jumla kilo 4. Ukiviweka kwenye begi la gramu 300 unabeba kilo 4.3. Ukiviweka kwenye begi la kawaida la gramu 900 unabeba kilo 4.9. Vita vyote hivi, na pesa zote hizi, ni kwa ajili ya gramu 600. Hayo ni maji kidogo kuzidi nusu lita. Utakuwa umeyanywa kabla ya mapumziko ya kwanza!

Kwa nini basi wauzaji wanazikazania gramu hizo? Kwa sababu ni namba, na namba ni rahisi kuuza. Namna begi linavyokaa mgongoni haina namba. Na kinachochekesha ni kwamba wepesi ulianza kama uasi dhidi ya maduka. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani wa miaka 67, alitembea njia ya Appalachian mwanzo hadi mwisho, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, ameutupia begani. Wapenda wepesi wanamtaja kama mtakatifu wao. Wanachosahau ni kwamba ndani ya mfuko ule alibeba pazia la bafuni la plastiki, la kujikinga na mvua. Bibi alipunguza kila kitu, akabaki na mvua yake mwenyewe. Sisi tumefanya kinyume: tumenunua mfuko wa bei mbaya, tukaacha pazia nyumbani.

Sasa ukiniuliza begi gani ununue, nitakujibu, maana sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Anza na vitu, siyo begi. Vitandaze kitandani vyote nilivyotaja, koti la mvua likiwa la kwanza, halafu tafuta begi linaloviingiza bila kubanana. Kwa watu wengi ni lita 20 hadi 25. Likiwa chini ya kilo moja linatosha. Usipoteze usingizi kwa zaidi ya hapo. Mikanda ya mabegani iwe mipana. Mkanda wa kifuani uwepo, usiruhusu begi kucheza ukiwa unashuka. Begi lisianzie kisogoni wala lisigonge makalio. Vuta zipu mara kumi, kagua mishono pale mikanda inaposhikana na begi, kwa sababu hapo ndipo huanza kuachia.

Halafu lijaribu likiwa na mzigo. Muombe muuzaji chupa tatu za maji za lita moja na nusu, tia ndani, panda na kushuka ngazi dakika kumi. Akikukatalia, nenda kwa mwingine. Begi tupu halijawahi kumuumiza mtu, hivyo kulipima tupu hakukuambii chochote. Wala usiamini anayekuambia kitambaa hakipitishi maji: mishono na zipu hupitisha. Zamani ningesema funga nguo kwenye rambo, lakini rambo zimepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia ule mfuko mgumu wa nailoni unaokuja na blanketi jipya. Nguo kavu moja ndani ya mfuko huo ina thamani kuliko begi lenyewe.

Na siyo lazima uwe tajiri. Karume, Gikomba, soko la Memorial pale Moshi, begi la mtumba la kazi hii linapatikana ukiwa na subira na macho ya kukagua mishono. Nimesikia hoja kwamba kudai watu wabebe koti na sweta ni kuwafukuza vijana wasio na pesa mlimani. Jamani! Aliyekuwa na koti siku ile ni mzee mwenye begi la zipu iliyokufa. Asiyekuwa nalo ni mimi, mwenye begi la kodi ya miezi miwili.

Kwa viongozi wa makundi yetu ya wikendi nina ombi moja. Acheni kukagua mabegi kwa mizani. Kabla basi halijaondoka, kila mtu afungue begi lake aonyeshe koti la mvua, nguo kavu na maji. Asiyenavyo asipande siku hiyo, hata kama ni mfadhili wa kundi, hata kama ni mimi. Msimwachie mwongozaji kazi ya kutuvua aibu, kwa sababu yeye hawezi kukataa. Akikataa, mteja akaganda, lawama ni zake. Akikubali, anaganda yeye, na hakuna anayeandika.

Lile begi jepesi bado ninalo, nabebea vitabu. La mlimani ni la mtumba, gramu 950, na ndani yake kuna makoti mawili ya mvua, moja la akiba. Marafiki zangu wananicheka kwamba nimekuwa mpagazi. Sawa. Ila ukija kunionyesha gramu za begi lako, kwanza nitolee koti la mvua nilione. Likitoka, tutaongea gramu.