Bei ya hisa haina msimu wa mavuno

Wiki iliyopita mfanyabiashara mmoja wa mahindi pale Namanga alinionyesha simu yake. Ameweka programu ya kununulia hisa za New York, na jicho lake limetua kwenye kampuni moja ya mtandaoni ambayo sasa inasifiwa kila kona. Hakuniuliza kama kampuni hiyo ina faida. Aliniuliza, "Ninunue leo, au nisubiri ishuke kidogo?" Fedha alizokuwa akizisemea ni za mzigo wake wa Juni.

Swali hilo ni la mtu anayeijua biashara. Sisi tunaoishi kwa kuvusha bidhaa tunajua kwamba faida hupatikana siku ya kununua. Mahindi ya Ruvuma na Rukwa huanza kuvunwa Mei, bei huanguka, na mwenye ghala husubiri hadi Januari bei ipande. Lakini ujuzi huo haufanyi kazi kwenye hisa iliyovuma, na anayeupeleka huko pamoja na mtaji wa mzigo anaweza kurudi bila mtaji na bila mzigo.

Tuangalie kampuni tunayoijua wenyewe, Jumia, duka la mtandaoni lililoanzia Nigeria mwaka 2012 na kuenea hadi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Tarehe 12 Aprili 2019 hisa zake ziliingia kwenye soko la New York. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 14.50, lakini hiyo ilikuwa ya wakubwa waliogawiwa mapema na mabenki. Mtu wa kawaida alianza kununua karibu dola 19, na jioni ya siku hiyo bei ilikuwa imefika dola 25.46. Magazeti yakaiita Amazon ya Afrika. Wiki chache baadaye ikakaribia dola 50.

Mei mwaka huohuo mchambuzi mmoja wa Marekani akaituhumu kwa udanganyifu, na bei ikaporomoka. Novemba kampuni ikafunga duka lake Tanzania, na Januari 2020 ikaondoka Rwanda. Machi 2020 hisa ilikuwa chini ya dola 3. Kisha janga la korona likawafanya watu wanunue mtandaoni, uvumi ukarudi, na Februari 2021 bei ikapita dola 60. Mwisho wa 2022 ilikuwa tena chini ya dola 4.

Sasa jiulize, siku gani ungenunua? Aliyenunua Machi 2020 na kuuza Februari 2021 alizidisha fedha zake zaidi ya mara 20. Aliyeweka dola 1,000 Februari 2021 hakubakiwa na dola 70 kufikia mwisho wa 2022. Ni kampuni ileile, na kati ya watu hao wawili kuna miezi kumi na moja tu.

Utasema wajuzi waliona. Basi tazama wajuzi. Rocket Internet ya Ujerumani, waliokuwa nyuma ya Jumia tangu mwanzo, kufikia Aprili 2020 walikuwa wameshauza hisa zao, kabla bei haijapanda. MTN ya Afrika Kusini, mmoja wa wanahisa wakubwa kabisa, ilimaliza kuuza zake mwishoni mwa 2020, miezi michache kabla ya kilele. Na mchambuzi yuleyule aliyeituhumu mwaka 2019 aligeuka mwaka 2020 akaanza kuisifia. Ikiwa wenye vitabu mezani hawakuijua siku, wewe uliye kwenye foleni ya forodha na simu yenye chaji kidogo utaijuaje?

Bei ya mahindi ina sababu unazoweza kuziona kwa macho: mvua, mavuno, ghala, lori, watu wanaokula kila siku. Hata hivyo nayo hutushtua. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Lakini hata siku hiyo gunia lilibaki gunia, na mwenye njaa alikuwepo. Hisa ya kampuni isiyopata faida haina sakafu ya namna hiyo. Bei yake ni matarajio ya watu, na matarajio hayana msimu.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi mdogo haambiwi. Kampuni inapoingia sokoni, huuzwa sehemu ndogo tu ya hisa. Wengi wanataka, zilizopo ni chache, bei inaruka. Wenye hisa za zamani kwa kawaida hufungiwa kuuza kwa takriban siku 180. Muda huo ukiisha, mzigo wao unaingia sokoni. Sisi tunajua kinachotokea kwa bei ya vitunguu malori kumi yakifika asubuhi moja.

Wapo watakaonijibu kwamba anayesubiri hukosa. Kuna ukweli ndani yake. Google iliuzwa dola 85 Agosti 2004 na haikurudi tena chini ya hapo. Lakini Facebook iliuzwa dola 38 Mei 2012, na Septemba ilikuwa chini ya dola 18. Mnunuzi wa siku ya kwanza alisubiri zaidi ya mwaka kurudisha fedha zake. Nyumbani tunaikumbuka Safaricom ya 2008. Hisa iliuzwa shilingi 5 za Kenya, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo karibu mara tano, na watu wakakopa benki ili wasipitwe. Wadogo walipata takriban moja ya tano ya walichoomba, fedha nyingine zikakaa zikisubiri kurudishwa huku riba ikihesabiwa. Mwaka uliofuata hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Miaka mingi baadaye ilipita shilingi 40, lakini aliyekuwa na mkopo alikuwa ameshauza kwa hasara.

Hapo ndipo penye somo. Aliyepata faida kwenye Safaricom si yule aliyeijua siku, ni yule ambaye fedha zake hazikuwa na haraka.

Kwa hiyo sisemi msinunue hisa. Nasema badilisheni swali. Kwanza, fedha hizi zikikaa miaka mitano bila kuguswa, biashara itaendelea? Kama jibu ni hapana, funga simu. Pili, umesoma hesabu zao? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Jumia lilikuwa wazi kabla ya siku ya kwanza: hasara ya takriban euro milioni 170 kwa mwaka 2018 pekee. Tatu, ngoja ripoti mbili au tatu za robo mwaka na zile siku 180 zipite. Nne, kama bado unaitaka, gawanya fedha mafungu sita na ununue fungu moja kila baada ya miezi miwili. Hutapata bei ya chini kabisa, lakini pia hutaingiza zote siku ya kilele. Na usikope hata shilingi.

Yule ndugu wa Namanga nilimjibu hivyo hivyo. Faida ya mahindi akiipata, sehemu yake aiweke kwenye hisa akipenda. Mzigo wa Juni aununue Juni.