LAKTOMITA HAIONI PLASTIKI, TUACHE KUDANGANYANA



Kwenye vituo vya kukusanyia maziwa kuna kauli moja: "Yamepimwa, ni safi." Yamepimwa nini? Laktomita hukamata aliyeongeza maji. Kipimo cha alikoholi huonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha. Vipimo hivi ni vizuri, viendelee. Lakini hakuna hata kimoja kinachoona kemikali za plastiki, na anayekuambia vinatosha anakudanganya.

Nazungumzia vilainishi vya plastiki, hasa kundi la thaleti. Plastiki ya PVC kwa asili ni ngumu. Kiwandani huongezewa vilainishi ili ikunjike. Havishikani nayo sawasawa, kwa hiyo hutoka kidogo kidogo, na joto huvizidisha. Vinapenda mafuta, ndiyo maana maziwa huvivuta kuliko maji. Kimojawapo, DEHP, kimeonekana kudhuru uzazi wa madume kwa wanyama wa majaribio. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 8 kwa lita. Hicho ni kiasi ambacho ulimi na pua haviwezi kukijua.

Hapa nawapinga pia wenzangu wanaolaumu kila dumu. Dumu gumu kwa kawaida ni la polietilini, lina pembetatu yenye namba 2, na halihitaji vilainishi. Ubaya wake ni mwingine: mikwaruzo yake hufuga vijidudu, na hujui lilibeba nini kabla. Mshukiwa mkubwa wa vilainishi ni mpira laini wa PVC, namba 3, tunaoununua kwa mita duka la vifaa vya ujenzi na kuutumia kuhamishia maziwa kwenye tangi au kujazia maji ya kunywa. Mfugaji anafokewa kwa dumu lake, huku mpira wa kituo hauulizwi.

Jibu lipo maabara. Huko kemikali hutolewa kwenye maziwa, hutenganishwa kwa mashine ya kromatografia ya gesi, kisha hutambuliwa moja moja. Mwaka 2011 Taiwan iligundua DEHP kwenye vinywaji kwa sababu maabara ilipima, si kwa sababu mnywaji alilalamika.

Ukipeleka sampuli, tumia chupa ya kioo iliyooshwa vizuri, na kifuniko chake kitengwe na maziwa kwa karatasi ya alumini. Ukipeleka kwenye chupa ya plastiki, kipimo kinaweza kusoma chupa yako badala ya maziwa. Chukua sampuli mbili: moja kabla maziwa hayajapita kwenye mpira, nyingine baada ya kupita.

Msiniambie ni ghali. Sijasema kila mfugaji apime. Nasema kituo kinachokata fedha kwenye kila lita kipime, na majibu yabandikwe ukutani yasomwe na wote.

Wakati tukisubiri, fanya haya:

- Tumia keni ya alumini au chuma kisichoshika kutu.
- Mpira uwe ule uliothibitishwa kwa chakula.
- Usimimine maziwa ya moto kwenye plastiki.
- Maji yaliyolala kwenye mpira juani yamwage kwanza, usiyanywe.

Mfugaji akiongeza maji, maziwa yake yanakataliwa. Kituo kikiongeza plastiki, nani anakataliwa? Ulizeni swali hilo kwenye mkutano ujao wa ushirika, na msiondoke bila jibu.