Dawa kwa Mali Kauli

Jioni moja ya mwaka jana nilikuwa nimesimama katika duka la dawa mjini Tanga nikingoja zamu yangu, akaingia mzee mmoja mwenye mkongojo, akampa binti wa dukani karatasi yake ya daktari, na baada ya kuamkiwa na kuitikia marahaba akauliza bei ya vidonge vya shinikizo la damu alivyoandikiwa. Alipotajiwa bei ya mwezi mzima alinyamaza kitambo, akazihesabu noti zake kiganjani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikatie vya wiki moja tu, mwanangu, nitarudi." Binti akatwaa mkasi, akakata, akavitia vidonge katika bahasha ndogo, akamsihi asiruke hata siku moja.

Tangu siku hiyo, kila nisomapo habari za matarajio ya biashara ya dawa katika Afrika Mashariki, sauti ya mkasi ule hunirudia. Maana waandishi wa mambo ya tijara, na washauri wa makampuni, na mawaziri wetu wa viwanda pia, wote wamewafikiana ya kwamba soko hili halina budi kukua, na hoja zao ni zile zile: watu wanazidi, kwani sensa ya 2012 iliwakuta Watanzania hawajatimia milioni 45, na ile ya 2022 ikawakuta milioni 61.7, miji inapanuka, na maradhi yenyewe yamebadili sura, kwa kuwa pamoja na malaria na homa za matumbo, ambazo mtu huzitibu siku chache zikaisha, sasa yametamalaki kisukari na shinikizo la damu, ndwele ambazo mgonjwa huishi nazo na kuzinunulia dawa mpaka mwisho wa umri wake. Yote hayo ni kweli. Walakini kinachohesabiwa hapo ni haja, wala haja si soko. Mzee wa Tanga alikuwa na haja ya vidonge thelathini. Soko lilimtambua kwa saba.

Mauzo ya dawa hukuzwa kwa njia mbili, na historia ya karibuni imetuonyesha zote mbili waziwazi. Ya kwanza ni kuwauzia wachache kwa bei kubwa chini ya ulinzi wa hataza, na mfano wake mashuhuri ni Humira, sindano ya baridi yabisi ya kampuni ya AbbVie ya Marekani, ambayo mwaka 2022 peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 21, huku mwenyewe ameizungushia hataza zaidi ya 100 mithili ya boma la miiba, mpaka Januari 2023 washindani wake walipopata upenyo wa kuingia katika soko la nchi ile. Ya pili ni ile ya Yusuf Hamied wa Mumbai. Mnamo Februari 2001, wakati dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilipokuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka katika nchi tajiri, na wakati sisi huku tulipokuwa tukizika vijana wetu Jumamosi baada ya Jumamosi, kampuni yake ya Cipla ilitangaza kwamba itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Wako waliomwita haramia. Leo dawa iliyo bora kuliko zile hununuliwa na mfuko wa kimataifa wa Global Fund kwa chini ya dola 45 kwa mwaka, na watu wapatao milioni 30 duniani humeza dawa za namna hii kila siku, hata soko ambalo mwaka 2001 halikuwako limekuwa miongoni mwa masoko makubwa na yenye uhakika katika biashara nzima ya dawa.

Lakini bei rahisi haikuumba soko hilo peke yake, na hili ndilo jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Mwaka 2002 ulianzishwa huo mfuko wa Global Fund, na mwaka uliofuata Marekani ikaanzisha mpango wake wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, na hawa wawili wakaingia sokoni wakiwa na sifa ambayo mgonjwa wa Kagera au wa Kisumu hakuweza kuwa nayo: waliagiza kwa wingi, waliagiza mapema, na walilipa. Mwenye kiwanda akajua kwa yakini kwamba akizalisha kitanunuliwa, akaongeza mitambo, na gharama ya kila kidonge ikashuka. Mnunuzi mwaminifu ndiye aliyeijenga biashara ile.

Ama kiwanda kisicho na mnunuzi hupatwa na nini, tutazame yaliyojiri Afrika Kusini. Katika mji wa Gqeberha, ambao zamani ukiitwa Port Elizabeth, kampuni ya Aspen ilikuwa na kiwanda cha fahari, chenye uwezo wa kujaza chupa za chanjo ya korona kwa mamia ya mamilioni ya dozi kwa mwaka; na Machi 2022 ikafunga mkataba na Johnson & Johnson wa kuitengeneza na kuiuza chanjo hiyo kwa Waafrika kwa jina lake yenyewe, Aspenovax. Viongozi wa bara hili waliishangilia siku ile kama siku ya uhuru, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamebisha hodi katika kila mlango wa dunia wakitafuta chanjo na wakajibiwa wangoje. Basi ukapita Aprili, ukapita Mei, na katika serikali zote za Afrika, na katika mashirika yote yanayozinunulia chanjo serikali hizo, hakuna hata moja iliyoagiza dozi moja ya Aspenovax. Mitambo ilikuwapo, mafundi walikuwapo, leseni ilikuwapo. Mnunuzi hakuwapo, na chanjo za bure na za rahisi kutoka ng'ambo zilikwisha kujaa maghalani wakati zetu ndiyo kwanza zilikuwa tayari kuanza. Mimi nalihesabu tukio hilo kuwa ndilo funzo kubwa kuliko yote ambayo biashara ya dawa ya Afrika imelipata katika karne hii, na nasikitika kwamba halitajwi katika hotuba za kuweka mawe ya msingi.

Hapa kwetu tuna mfano wa kinyume chake, ijapokuwa si wa dawa ya kumeza. Kiwanda cha nguo cha A to Z cha Arusha kilipewa na Sumitomo Chemical ya Japani, pasipo kutozwa ada, maarifa ya kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na mwaka 2003 kikaanza kuvitoa; na kwa kuwa wakati huo huo mashirika ya kupambana na malaria yalikuwa yakiagiza vyandarua kwa mamilioni, kiwanda kikapanuka, kikaajiri watu kwa maelfu, wengi wao wanawake. Arusha haina mafundi bora kuliko Gqeberha. Ilichokuwa nacho ni oda mkononi.

Wazee wetu wa pwani waliijua vema biashara ya mali kauli. Mwenye mali humkabidhi mchuuzi bidhaa kwa neno tu, bila fedha taslimu, mchuuzi akaenda akauza, kisha akarejesha thamani yake. Nayo ilikuwa tijara ya heshima, kwa sababu kauli ya mtu ndiyo iliyokuwa rehani yake, na aliyeivunja hakupewa mzigo mwingine Lamu wala Bagamoyo. Serikali zetu nazo hununua dawa kwa mali kauli, ila sharti la pili la biashara hiyo, lile la kurejesha kwa wakati, mara nyingi hulisahau. Fikiri hali ya mwenye kiwanda cha dawa wa Nairobi au wa Dar es Salaam: malighafi yake huiagiza India au China na huilipia kwa dola kabla haijapakiwa, hungoja bandarini, huzalisha, hupima maabara, hufungasha, hupeleka mzigo bohari ya serikali, na hapo ndipo huanza kungoja malipo yake, miezi mitatu, sita, pengine mwaka na zaidi, na wakati wote huo riba ya benki haimngoji. Kiwanda cha Luzira, pale Kampala, kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa ubia na Cipla na kuingiza hisa zake katika soko la hisa la Uganda mwaka 2018, kiliuza dawa kwa serikali ya Zambia, malipo yakakawia mno, na deni hilo likazitia hesabu zake hasara ya kuonekana. Kenya, madeni ya kaunti kwa KEMSA, shirika la serikali la ugavi wa dawa, yamekuwa wimbo wa kila mwaka. Tanzania, Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya 1993 hudai hospitali na vituo, na wanaoiuzia dawa huidai yenyewe, hata mnyororo mzima ukawa ni wa watu wanaodaiana.

Muuzaji aliyekwisha kuumia mara moja hujikinga, nani atamlaumu? Huitia katika bei ya dawa gharama ya kungoja. Dawa ambayo ingeuzwa kumi huuzwa kumi na tatu, na ile tatu ya ziada haijengi maabara wala haimlipi mfamasia. Ni faini ya neno lililovunjwa, na mwenye kuilipa mwishowe ni mgonjwa, ambaye akikosa kidonge katika zahanati ya serikali huelekezwa duka la mtaani, akasimama pale mbele ya mkasi.

Nimewasikia watu wenye busara wakiuliza, kuna haja gani ya kuhangaika na viwanda vyetu ilhali India ipo na dawa zake ni rahisi? Swali hili lastahili jibu la insafu. India haikuzaliwa na viwanda vya dawa. Sheria yake ya hataza ya 1970 iliwaruhusu watu wake kutengeneza dawa zile zile kwa njia nyingine, na kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka 2005, ikawalea viwandani chini ya kivuli cha sheria hiyo. Nchi zetu zilizo changa kiuchumi, kama Tanzania na Uganda, zimepewa msamaha wa namna hiyo katika mapatano ya biashara ya dunia mpaka mwaka 2033, na miaka inayoyoma. Tena, Machi 2021, maradhi ya korona yalipoishukia India kwa kishindo, nchi ile ilizuia chanjo zisitoke, ikawachanja kwanza watu wake. Siilaumu, nasi tungefanya hivyo. Ila mtu aliyekwisha kukosa maji ya jirani siku ya moto hawezi tena kujidai kwamba hana haja ya kisima.

Hata hivyo sisemi kila kiwanda chenye bendera yetu langoni kipewe zabuni. Dawa mbovu ni dhuluma kubwa kuliko dawa ghali. Mamlaka ya dawa ya Tanzania ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la tatu la ukomavu katika mizani ya Shirika la Afya Duniani, mwezi Desemba 2018, na heshima hiyo italindwa tu iwapo mkaguzi atakuwa na uhuru wa kumfungia hata kiwanda cha serikali. Kiwanda cha Universal cha Kikuyu, karibu na Nairobi, kilipitia tanuri hilo: kilipata ithibati ya shirika hilo kwa dawa yake ya kwanza mwaka 2011, kikaendelea kwa subira, na mwaka 2025 Global Fund ikainunua dawa yake ya UKIMWI iliyo ya chaguo la kwanza na kuipeleka Msumbiji, ya kuwatosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Ilikuwa mara ya kwanza mfuko huo kununua dawa hiyo kutoka kiwanda cha Afrika.

Nafurahi, na hapo hapo nina hofu, kwa sababu mnunuzi wa mzigo ule naye ni mgeni. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na kliniki zikafunga milango kabla ya watu kuelewa kilichotokea. Mnunuzi aliyeijenga biashara hii kwa zaidi ya miaka ishirini aweza kuondoka, na mahali pake hapana wa kupashika ila sisi wenyewe: kwa bima, ambayo Tanzania imekwisha kuitungia sheria ya wote tangu 2023 na Kenya imeanza kuijaribu kwa sura mpya tangu Oktoba 2024, kwa kununua pamoja, kama nchi za SADC zilivyokusudia zilipoikabidhi Bohari ya Dawa ya Tanzania kazi ya kuratibu manunuzi yao, na kwa kuandika katika kila mkataba wa dawa siku ya mwisho ya kulipa, na riba kwa kila siku izidiyo, serikali ikajifunga yenyewe kama inavyomfunga mlipa kodi.

Mwaka 2001, mwezi Aprili, chini ya miezi mitatu baada ya tangazo la Hamied, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Juni hii, bajeti zitakaposomwa Dodoma, Nairobi na Kampala, tutaambiwa ni mabilioni mangapi yametengwa kwa ajili ya dawa. Mimi nitakipekua kitabu kutafuta tarakimu nyingine, ile ambayo aghalabu haisomwi kwa sauti: katika fedha zilizotengwa mwaka uliopita, ni kiasi gani kilichotoka hazina kikamfikia aliyeleta dawa, na kilimfikia mwezi gani.