Hungaria: Taifa Si Mali ya Makabaila

Wapo wanaosimulia historia ya Wahungaria kana kwamba ni msiba mmoja mrefu ulioletwa na wageni: Waturuki walivamia, Waustria wakatawala, Warusi wakaja na vifaru. Masimulizi hayo ni nusu ya ukweli. Nusu inayofichwa ndiyo inayopasa kufundishwa.

Wahungaria waliingia katika nchi za mto Danube mwishoni mwa karne ya 9, na karibu mwaka 1000 Stefano akatawazwa kuwa mfalme wao. Lakini kwa karne nyingi neno “taifa” halikumhusu mkulima. Taifa lilikuwa makabaila. Wao ndio waliotunga sheria, na wao hao ndio waliojisamehe kodi.

Mwaka 1514 wakulima waliitwa kupigana na Waturuki. Makabaila wakawazuia, wakihofia mashamba yao kukosa watu wa kuyalima. Wakulima wakawageuzia silaha wanyonyaji hao. Kiongozi wao, György Dózsa, alikamatwa na kukalishwa juu ya kiti cha chuma kilichokolezwa moto, na sheria ikatungwa kuwafunga wakulima na vizazi vyao katika ardhi ya mabwana. Miaka 12 tu baadaye, Agosti 29, 1526, Sultani Suleiman alilivunja jeshi la Hungaria huko Mohács kwa muda wa saa chache, na mfalme akafa. Je, makabaila walitazamia kuokolewa na nani? Na wale waliowafunga?

Mwaka 1848 wanamapinduzi wa Lajos Kossuth waliwaondolea wakulima kazi za lazima. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini waliwanyima Wakroatia, Waserbia na Waromania haki zile zile walizozidai wao kutoka Vienna, na Vienna ikawatumia hao waliodharauliwa. Sheria ya kuwatambua ilipopitishwa Julai 1849, majeshi ya mfalme wa Urusi yalikuwa yamekwisha ingia nchini. Agosti 13 Wahungaria wakasalimu amri.

Hata chama kilichotawala kwa jina la wafanyakazi hakikuepuka hukumu hiyo. Oktoba 1956 wananchi wa Budapest waliinuka. Vifaru vya Kirusi viliporudi Novemba 4, mabaraza ya wafanyakazi yaliendelea kugoma viwandani. Chama kinachohitaji vifaru vya kigeni ili kuwanyamazisha wafanyakazi kina haki gani ya kujiita chama chao?

Hakuna anayewatakasa wavamizi. Dhuluma yao ni dhuluma. Lakini mvamizi huingia kwa urahisi katika nyumba ambayo wenyeji wake wamefungiana milango. Mwalimu anayefundisha habari za wafalme bila kumtaja Dózsa anawafundisha watoto kumlaumu jirani daima. Na mtumishi wa serikali anayemwona mkulima kuwa mzigo na arejee mwaka 1526. Taifa ni watu wote. La sivyo, si taifa.