Baba mkwe na "vidonda vya tumbo" visivyopona

Mwezi huu nilipanga tuongee habari za bajeti ya harusi, lakini uniwie radhi, nimeiweka kando. Tuongee kuhusu tumbo. Si kitambi, wala si lile la miezi tisa. Ni tumbo la baba mkwe.

Mume wangu ni Mpare wa Suji, kule milimani wilayani Same. Kama hujafika, unashuka kwenye basi pale Makanya, jua la tambarare likikuchoma utosini, halafu unatafuta gari la kupandisha mlima. Juu unapokelewa na baridi, makande ya Mama, na Baba anayekuuliza habari za Dar kana kwamba wewe ndiye meya. Mwaka huo tulipokwenda likizo ya Desemba tukamkuta amekonda. Makande anayoyapenda anakula vijiko vinne, anasema ameshiba. "Ni vidonda vya tumbo tu, mwanangu," akaniambia, akanionyesha mfuko wa kaki umejaa omeprazo na vile vidonge vyeupe vya kutafuna. Huo ulikuwa mwaka wa pili anavitumia.

Ambalo hakuniambia, maana yeye ni mkwe na mimi ni mke wa mwanawe, ni kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Mama alijua, akanyamaza. Sisi tulikuja kuambiwa siku alipoanguka akitoka shambani. Alipopimwa damu, ilikuwa imeshuka vibaya.

Hapo ndipo na ndoa yangu ilipopimwa. Mwenzangu alitaka Baba aongezewe damu, arudi nyumbani, aendelee na dawa zake. Mimi nilitaka aingizwe kamera tumboni. Hela tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kiwanja, na sote tulilijua hilo. Tukanuniana siku tatu. Siku ya nne nikamkumbusha utani wa watani zao, kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku. Nikamwambia, haya baba, kesi ya kweli ndiyo hii, ng'ombe wako wapi? Akacheka. Jumatatu mzee akashuka mlimani.

Kamera ilionyesha uvimbe uliotuna kutoka ndani ya ukuta wa tumbo, juu yake kuna kijidonda kinachovuja damu. Kumbe kidonda kilikuwepo kweli, ila kilikuwa kimekaa juu ya kitu kingine! Ndipo kwa mara ya kwanza nikalisikia neno GIST, linalotamkwa "jisti".

Nikueleze nilivyoelewa mimi. Ukuta wa tumbo na utumbo una seli ziitwazo seli za Cajal, jina la mwanasayansi wa Hispania. Hizi ndizo zinazoupa utumbo mapigo yake ili chakula kisukumwe kwenda mbele. GIST inaaminika kuanzia kwenye seli hizi, au seli mama zake. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mara nyingi tatizo liko kwenye jini moja liitwalo KIT. Ni kama swichi ya taa iliyonasa. Badala ya kuwaka na kuzima, inawaka tu, na seli zinazaliana bila kuambiwa basi. Kiasi cha 6 kati ya 10 huota tumboni, na karibu 3 kwenye utumbo mwembamba. Ni ugonjwa adimu, watu 10 hadi 15 hivi katika kila milioni kwa mwaka, na wengi wao wamevuka miaka 50, ingawa vijana nao hupata.

Kwa hiyo ukiungua kifua baada ya chipsi usikimbilie kuandika wosia. Watu wengi wenye maumivu ya tumbo hawana GIST. Lakini choo cheusi, kushiba upesi, kukonda, damu kupungua bila sababu, au uvimbe unaoushika kwa mkono, hivyo si vya kunywea dawa za dukani mwezi hadi mwezi. Na kina mama, tafadhali, siri ya choo cha mzee isiwe siri.

Sasa sikiliza hapa, maana ndiyo sababu ya mimi kuandika. Kinyama cha Baba kilipopelekwa maabara, karatasi ya kwanza ilirudi imeandikwa uvimbe wa misuli laini, basi. Tungeweza kuishia hapo. Daktari mmoja kijana ndiye aliyekataa, akauliza, "Kipimo cha CD117 kiko wapi?" Chini ya hadubini GIST inafanana sana na uvimbe mwingine, na vipimo vinavyoitofautisha ni CD117 na kingine kiitwacho DOG1. Habari njema ni kwamba kinyama hakitupwi. Huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta. Unaweza kukiomba kikapelekwa maabara nyingine, bila mgonjwa kukatwa tena. Sisi tulifanya hivyo. Wiki kadhaa za kupiga simu, na aliyepiga zaidi ni yule yule aliyeninunia.

Jina sahihi lina uzito kwa sababu dawa za kawaida za saratani, zile za dripu, haziisumbui sana GIST, na mionzi nayo si tegemeo lake. Tiba ya kwanza ni upasuaji, uvimbe utolewe mzima bila kupasuka, ndiyo maana unahitaji daktari aliyezoea kazi hiyo. Halafu kuna kidonge. Machi 2000 mama mmoja huko Helsinki, Finland, ambaye uvimbe wake ulikuwa umesambaa, alipewa imatinibu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu. Ndani ya wiki chache uvimbe ukaanza kusinyaa. Dawa hii inaizima ile swichi. Mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha itumike kwa GIST, na leo aliyefanyiwa upasuaji na yuko kwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi hushauriwa kuimeza miaka 3.

Huku kwetu wengi waliifahamu kwa jina la Glivec. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Tanzania waliipata bure kupitia mpango wa Novartis na The Max Foundation, na mlango wake ulikuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi hataza imekwisha na kuna imatinibu za makampuni mengine, zenye bei ya chini kuliko ile ya zamani. Lakini usinunue kabla ya kuuliza Ocean Road utaratibu wa sasa ukoje, na bima yako inalipia nini.

Kwa mtu wa Same, njia ya karibu ni KCMC, Moshi, ambako kitengo cha saratani kilifunguliwa Desemba 2016. Mtu wa Kanda ya Ziwa ana Bugando. Omba barua ya rufaa, na ubebe kila kitu: picha za CT-scan, majibu ya kamera, karatasi ya maabara. Ukikaa mbele ya daktari usione haya kuuliza: uvimbe ni sentimita ngapi, seli zinagawanyika kwa kasi gani, ulipasuka au haukupasuka? Kwenye majibu hayo ndipo hatari inapokadiriwa.

Kwa ninyi wenye ndoa changa kuna mambo mawili. Kwanza, GIST kwa kawaida hairithiwi. Familia zenye kuirithi zipo, ila ni chache mno. Mume wangu aliliuliza hilo usiku wa manane akidhani nimelala. Pili, mwanamke anayemeza imatinibu anashauriwa asishike mimba, maana mtoto anaweza kudhurika. Mzungumze na daktari mapema kuhusu uzazi wa mpango, msingoje hadi siku zipitilize.

Baba alitolewa uvimbe wa sentimita 9, sasa yuko mwaka wa pili wa kidonge. Anakimeza baada ya chakula na glasi kubwa ya maji. Asubuhi macho yanamvimba, usiku misuli inamkaza, na kuna siku anasema amepona, aache. Mama anamhesabia vidonge kwenye kalenda ya ukutani. Mitishamba ya jirani tulimwomba asiichanganye bila kumwambia daktari, akanuna, akakubali. Kila baada ya miezi kadhaa anashuka Moshi kupigwa picha, na mume wangu anampeleka mwenyewe.

Kiwanja bado hatujanunua. Juzi Baba alituuliza tumefikia wapi, tukamwambia bei zimepanda. Akatutazama wote wawili, akaomba aongezewe makande.

Tukutane mwezi ujao, na ile bajeti ya harusi.