Skwota ni Nani?

Kuna watu huniambia sinema za kaboi za zamani ni burudani tu, hazina neno. Mie sikubali. Tazama Tumbleweeds ya mwaka 1925, sinema bubu ya William S. Hart, kisha vuka feri uende Likoni uulize ardhi ni ya nani.

Kilele chake ni mbio za ardhi za 16 Septemba 1893, kule Oklahoma. Watu wamejipanga na farasi na magari ya kukokotwa. Saa sita mchana mzinga unalia, wote wanatimka. Anayewahi kuchomeka kigingi ndiye mwenye shamba. Tamu kutazama, sikatai. Lakini ardhi hiyo ilikuwa ya Wacherokee, walioshinikizwa na serikali ya Marekani kuiuza. Sinema inataka tumlilie kaboi, ati malisho ya ng'ombe yamekwisha.

Huku kwetu haukulia mzinga. Ilikuja karatasi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ukanda wa Pwani apeleke madai yake. Isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda, walioshika ardhi kwa ukoo, wengi wakaachwa nje. Mbio zilikwisha wao hawajui kama kuna mbio.

Matokeo yako Likoni, yako Kisauni: mtu nyumba kaijenga mwenyewe, wanawe kawalea humo, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwengine. Na sisi twamwita nani? Skwota. Wakazi wa shamba la Waitiki, Likoni, walipopewa hati mwaka 2016, ziliandamana na bei ya kulipa.

Mwaka 1939 Tumbleweeds ilitolewa upya, ikaongezwa utangulizi wenye sauti. Aliyepewa sauti ni Hart, akiomboleza enzi za makaboi. Mcherokee hakuulizwa kitu.

Basi nyinyi mnaoandika hadithi na kupiga filamu kwa simu, ugomvi wangu ni na nyinyi. Sheria hamuwezi kuibadilisha leo, lakini neno mwaweza. Kila mkiandika "skwota" bila kuuliza nani alitangulia hapo, mwamchomekea kigingi yule aliyekuja na karatasi. Andikeni "mwenyeji", halafu huyo mwenye hati naye aeleze aliipataje.