Kipaji cha Mtoto Kisingoje Darasa la Saba



Nchi yetu inazo shule za sekondari zilizotengwa kwa ajili ya wanafunzi wenye vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Mtoto huchaguliwa kuingia huko kwa alama za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, akiwa tayari amekaribia au amevuka umri wa miaka kumi na mitatu. Hatuzilaumu shule hizo, kwani zimewalea wengi waliokuja kulitumikia taifa. Tunachouliza ni hiki: kipaji hicho kilikuwa wapi mtoto alipokuwa na miaka minne, na ni nani aliyekitazama? Na wale waliokuwa nacho wakiwa wadogo, lakini hawakufika nacho darasa la saba, walikipotezea wapi?

Tuitazame kata ya Ibighi, Tukuyu, wilayani Rungwe. Mtoto wa huko huamka akiisikia mvua juu ya bati, kisha huandamana na bibi yake migombani. Haupiti muda kabla hajauliza: Mbona mgomba ukishazaa hukatwa? Maji ya kijito hutoka wapi siku ambayo mvua hainyeshi? Kwa nini parachichi likiwekwa pamoja na ndizi mbivu huiva upesi? Yuko mtoto anayeridhika na jibu la kwanza, na yuko ambaye kwake kila jibu ni mlango wa swali jingine. Huyu wa pili hukumbuka leo aliloambiwa mwezi uliopita, hupenda kukaa na waliomzidi umri, na hupanga vizibo vya chupa kwa rangi na kwa ukubwa bila kuamriwa na mtu. Twamwitaje mtoto huyo? Mara nyingi twamwita msumbufu.

Kisha humpeleka mzazi wake katika darasa la awali. Huko hukuta watoto wengi, mwalimu mmoja, na kazi ya kuitikia kwa pamoja: a, e, i, o, u, moja, mbili, tatu. Yeye aliyekwisha kuhesabu mikungu ya ndizi ya nyumbani kwao huitikia siku ya kwanza, huitikia ya pili, na siku ya tatu huanza kumchokoza jirani yake. Huadhibiwa. Baada ya miezi michache huwa amejifunza somo moja asilolifundishwa na yeyote kwa makusudi, nalo ni kwamba kunyamaza kuna usalama kuliko kuuliza. Mtoto aliyelishika somo hilo akiwa na miaka mitano, haitakuwa rahisi kumfundua akiwa na kumi na mitatu.

Upo tena ukuta wa lugha. Watoto wengi wa Rungwe hukulia katika Kinyakyusa, na darasani hukutana na Kiswahili. Mtoto anayeweza kusimulia hadithi ndefu kwa lugha ya mama yake, mwanzo hadi mwisho bila kuruka jambo, huweza kukaa kimya muhula mzima, na mwalimu asiyemfahamu akamhesabu miongoni mwa wazito. Hapana budi mwalimu amsikilize kwanza katika lugha anayoiweza, ndipo ampime.

Wala tusidhani kwamba kipimo cha siku moja chatosha. Mwaka 1921 huko California, mtaalamu Lewis Terman alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kwa njia ya mtihani. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia alama iliyotakiwa walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Baadaye wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. Ikiwa mtihani uliotayarishwa kwa uangalifu mkubwa uliwakosa hao, itakuwaje kwa mtoto wa miaka minne, ambaye leo ana furaha na kesho ana homa?

Wako wanaosema kwamba mwenye akili hahitaji msaada, atajiendesha mwenyewe, na kwamba kumshughulikia ni kuwabagua wenziwe. Twaona si hivyo. Mtoto huyu ana fikra za miaka saba na machozi ya miaka minne. Hutaka kuelezwa habari ya kifo na nyota, naye bado huogopa giza. Aidha, yale anayoyahitaji hayamnyimi mwenzake kitu.

Ushahidi tunao katika pwani yetu. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said, akisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, alianza kuanzisha shule za awali ndani ya madrasa. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Zana zao zilikuwa vifuu vya nazi, mbegu, makombe na vizibo, na walimu walikuwa akina mama wa mitaa ile ile. Mtoto huchagua kazi, huifanya, kisha hueleza alivyoifanya. Katika utaratibu kama huo mwepesi huenda mbali, mwenye kuhitaji muda hupewa muda, na hakuna anayetengwa.

Serikali nayo haikukaa kimya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Utaratibu wataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Pale ambapo mwalimu mmoja ana watoto mara mbili ya hao au zaidi, wazazi wa kijiji wasingoje. Mama mmoja au kijana mmoja aliyemaliza sekondari aweza kukaa na kikundi saa mbili kwa siku.

Nyumbani, tuyajibu maswali ya mtoto, na tusilolijua tuseme hatulijui, kisha tulitafute pamoja naye. Tumtegee vitendawili, tumfundishe bao, tumpe kitabu hata kikiwa kimoja. Tusimwite mbele ya wageni aonyeshe akili zake kama kitu cha tamasha. Mwalimu naye, wa shule au wa chuo cha Kurani, asimwache aliyemaliza kuhifadhi akae bure. Amwulize maana, ampe jambo la kufikiri. Na mtoto wa kike anayeuliza asiambiwe kwamba maswali hayo hayamfai.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto hawa ni amana mikononi mwetu, na amana huulizwa. Yule mdogo wa Ibighi anayemfuata bibi yake migombani ameuliza tangu asubuhi. Basi na tumjibu leo, kabla hajachoka kuuliza.